Tope la Bandari na Macho ya Roboti

Bandari yoyote iliyo karibu na kinywa cha mto, au ndani ya ghuba tulivu, ina adui asiyelala. Adui huyo ni tope. Mto hulishusha kutoka bara, mkondo hulibeba, mawimbi hulisukuma, na pale maji yanapotulia hulilaza chini taratibu. Miaka michache ya kupuuza hutosha kuufanya mlango uliopitisha majahazi bila taabu kuwa fungu la mchanga linalochomoza kila maji yakipwa. Hapo ndipo huitwa meli za kuchimbua, na hapo ndipo mvuvi naye huanza kuhesabu siku za njaa.

Katika miaka ya hivi karibuni pamezuka tumaini jipya kwamba kazi hii ya kuondoa mashapo yaweza kukabidhiwa roboti: mashine ndogo zinazotambaa sakafuni mwa bahari, mto au bwawa, zikinyonya tope huku zikiwaepuka kasa, samaki na matumbawe. Tumaini hilo lina mvuto, hasa kwa vijana wa vyuo vikuu wanaosomea uhandisi na ambao wangependa taifa lao lisiachwe nyuma. Hata hivyo, linastahili kupimwa. Roboti ina kazi yake katika maji ya Kenya, tena kazi muhimu. Lakini haitamlinda kiumbe yeyote wa baharini iwapo wanaoiongoza hawajui bahari wanayoiteremshia, na iwapo hakuna sharti linalowalazimu kuizima.

Yafaa kueleza kwanza madhara hutoka wapi, maana wengi hudhani kwamba uharibifu wa uchimbuaji uko pale tu panapochimbwa. Meli ya kawaida ya kazi hii hushusha bomba kubwa hadi chini, na pampu yenye nguvu hufyonza mchanga, tope na maji kwa pamoja. Nyingine huwa na kichwa chenye meno kinachozunguka na kuvunja sakafu iliyo ngumu kabla ya kunyonya. Kinachopanda juu ni uji mwepesi, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Mchanga mzito hutuama ndani ya tumbo la meli, na maji ya ziada humwagwa baharini yakiwa yamebeba chembe laini sana za udongo. Chembe hizo haziangukii palepale. Huelea kama wingu, husafiri na mkondo, na kwenda kutua mahali ambapo meli haikufika kabisa. Tumbawe ni mnyama anayetegemea mwanga, kwa kuwa ndani ya mwili wake huishi vijimea vinavyomtengenezea chakula kwa nguvu za jua. Akifunikwa na vumbi hilo hulazimika kutumia nguvu zake kujisafisha, na likizidi hufa. Nyasi za bahari nazo hukosa mwanga, na zikitoweka, nguva na kasa wanaozila hukosa malisho, sembuse samaki wadogo wanaojificha humo hadi wakue.

Historia ya Lamu inaonyesha gharama ya jambo hili kuliko nadharia yoyote. Ujenzi wa bandari mpya huko Kililana ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kati ya tarehe hizo Ghuba ya Manda ilichimbuliwa ili meli kubwa zipate kina. Eneo hilo si jangwa la maji. Kaunti ya Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ghuba zake ni mahali ambapo kasa, kamba, kaa na samaki wa mwambani wamevuliwa kwa karne nyingi kwa mishipi, nyavu na madema. Wakazi walikwenda kortini, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya mazingira safi, haki yao ya kupewa habari na haki yao ya utamaduni zilikuwa zimekiukwa. Wavuvi wapatao 4,600 walitunukiwa fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Rufaa na mazungumzo yaliyofuata yaliyachelewesha malipo kwa miaka.

Neno "utamaduni" katika uamuzi huo halikupata uzito wake katika mijadala ya magazeti, ambayo ilishughulika zaidi na hesabu ya fedha. Mvuvi wa Lamu ana chombo kidogo. Dau au ngalawa yake haiwezi kuvuka mwamba na kwenda kuvua kwenye kilindi cha bahari kuu, na hasa wakati wa kusi bahari inapochafuka. Uvuvi wake uko ndani ya mlango, karibu na mikoko, katika maji yaleyale yanayotakiwa na bandari. Kumwambia aende mbali zaidi ni kumwambia aache kuwa mvuvi. Kwa sababu hiyo, mashine inayoahidi kuchimbua bila kuyachafua maji ya jirani si anasa ya wataalamu. Ingekuwa na maana kubwa kwa jikoni mwake.

Je, roboti inaweza kutimiza ahadi hiyo? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mashine za kutambaa chini ya maji zinazoongozwa kwa kebo zipo na zinatumika katika nchi kadhaa kusafisha mabwawa ya kuzalisha umeme, matangi, mahandaki ya maji na vidimbwi vya taka za migodini, mahali ambapo mpiga mbizi angehatarisha maisha yake. Faida yake ya kwanza ni utaratibu. Kwa kuwa inakaa sakafuni na kinywa chake kiko karibu na tope, inaweza kunyonya uji mzito zaidi wenye maji machache, na maji machache ya kunyonywa maana yake ni maji machache machafu ya kurudishwa. Faida ya pili ni usahihi. Ikiwa na vyombo vya kupima kwa mwangwi wa sauti, inaweza kuondoa tabaka la sentimita kadhaa mahali palipokusudiwa na kuacha mengine kama yalivyokuwa. Faida ya tatu, ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote, haihusiani na kuchimba hata kidogo. Vyombo vidogo visivyo na nahodha vinavyoelea juu ya maji vinaweza kupima kina cha ghuba na uchafu wa maji kutwa kucha, na kutuma habari nchi kavu papo hapo. Yule anayetaka kujua kama wingu la tope limefika kwenye mwamba hana haja ya kungoja ripoti ya mwezi ujao.

Lakini ahadi hiyo ina mipaka ambayo wauzaji hawaitangazi. Mosi, ukubwa wa kazi. Mfereji wa bandari kubwa huhitaji kuondolewa mamilioni ya mita za ujazo za mchanga na miamba, na mashine ya kutambaa ingezeeka kabla ya kufika nusu. Kwa kazi ya namna hiyo meli kubwa zitaendelea kuitwa, zipendwe zisipendwe. Pili, macho. Kamera haioni kitu ndani ya tope, na tope ndilo makazi ya roboti hii. Mwangwi wa sauti huonyesha umbo, ila kasa aliyelala kimya chini hutofautianaje na jiwe la ukubwa wake? Programu inaweza kufundishwa kubahatisha vizuri, lakini huko ni kubahatisha. Tatu, kuna viumbe ambao hakuna mashine inayowaepuka kwa sababu wao wenyewe ndio tope: minyoo, kome, chaza, kaa wadogo na mayai yaliyofichwa. Sakafu ya bahari ni nyumba yenye watu, na roboti iliyo taratibu huiondoa nyumba hiyo taratibu.

Kisa cha Marekani kinafaa kukumbukwa hapa. Mwaka wa 1980 kazi ya kuchimbua mfereji wa bandari ya Canaveral huko Florida iliwaua makumi ya kasa waliokuwa wamejilaza kwenye tope la sakafu. Vifo hivyo vililazimisha kutafutwa njia. Zilizopatikana baada ya majaribio ya miaka kadhaa hazikuwa za ajabu: bamba la chuma lililofungwa mbele ya kichwa cha bomba, mfano wa plau, ili limsukume kasa kando kabla hajanyonywa, waangalizi waliowekwa melini kukagua kilichovutwa, na miezi maalumu ambayo kazi husimamishwa au huruhusiwa kulingana na nyendo za kasa. Chuma, jicho la mtu, na kalenda. Yeyote anayezungumzia roboti leo angefanya vyema kuanza kwa kuuliza kama mambo hayo matatu, yanayogharimu kidogo, yameshatekelezwa katika maji ya kwao.

Kalenda ndilo jambo ambalo Pwani ya Kenya ina utajiri wake, na ndipo Kiswahili kinapoingia katika suala ambalo kwa juujuu laonekana kuwa la wahandisi peke yao. Mvuvi hahesabu siku kwa tarehe za ukutani. Anahesabu bamvua na maji mafu, kaskazi na kusi. Anajua kwamba wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, mkondo ukawa mkali, na kwamba tope likitibuliwa siku hizo litakwenda mbali. Wakati wa maji mafu litaanguka karibu. Ikiwa mwamba uko karibu na panapochimbwa, maji mafu ndiyo hatari. Ikiwa uko mbali upande ule mkondo unakoelekea, hatari ni bamvua. Kauli hizo zaweza kugeuzwa kuwa ratiba ya mashine bila shida yoyote. Programu inayoiongoza roboti haina upendeleo wa lugha. Hupokea namba na masharti, na masharti hayo yanaweza kutoka kwa profesa au kwa nahodha.

Mfano wa Mto Sabaki unaonyesha ujuzi huo una thamani gani. Wakati wa kaskazi, maji mekundu ya mto huo husukumwa kusini kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo pamoja na ile ya Watamu ilitengwa mwaka wa 1968. Wakati wa kusi huelekea upande wa pili, kaskazini. Watafiti wameyathibitisha hayo kwa vipimo na picha za setilaiti. Wavuvi wa Malindi na Mambrui hawakuhitaji setilaiti, kwa kuwa rangi ya maji ndiyo iliyowaambia wapi pa kutega. Kuna wanaodai kwamba ujuzi wa aina hii ni hadithi za wazee, zisizoweza kuingizwa katika mkataba wa mabilioni. Wanaodai hivyo wana hoja moja ya haki: mvuvi naye hukosea, na bahari inayobadilika joto huvunja hata kanuni za kale. Matumbawe ya Kenya yalipauka vibaya mwaka wa 1998, na hapana nahodha aliyewahi kuona mfano wake. Jibu ni kupima kauli ya mvuvi kama inavyopimwa kauli ya mtaalamu yeyote. Kutoisikiliza kabisa hakuwezi kuitwa sayansi.

Kikwazo kikubwa ni kwamba ripoti za athari kwa mazingira huandikwa kwa Kiingereza kizito, kurasa mamia, kisha huitwa mkutano wa hadhara ambapo muhtasari husomwa kwa Kiswahili cha haraka na watu wakaombwa wapige makofi. Hali hii ni ya zamani na haijawashangaza wengi. Wakati huohuo wanaistilahi hukaa bara wakibuni majina ya vitu ambavyo watu wa Amu, Siu na Faza walivipa majina kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa nchini. Kila fungu lina jina. Kila mwamba una jina. Mengi ya majina hayo hueleza mahali pa kupita na pa kuogopa, samaki gani hupatikana na maji hugeuka vipi. Mhandisi anayefika na ramani isiyo na majina hayo anafanya kazi gizani, hata kama mashine yake ina macho kumi.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba watu wa visiwani wanapinga kila uchimbuaji. Mlango wa Mkanda, unaopita kati ya Manda na bara kuelekea Pate, ni ushahidi wa kinyume chake. Ni njia nyembamba iliyozungukwa na mikoko, inayotumiwa zaidi bahari ya nje inapochafuka. Kwa miaka mingi maji yakipwa vyombo vilikwama humo, wasafiri wakangoja saa nyingi hadi yajae, mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Lamu akiwa miongoni mwao. Wakazi wenyewe ndio waliodai mlango huo uchimbuliwe. Njia ya namna hii, finyu, fupi ya kina, yenye mizizi ya mikoko pande zote mbili, ndiyo inayoifaa roboti kuliko mfereji wa meli za makontena. Kiasi cha tope si kikubwa, usahihi unahitajika, na meli kubwa ingeharibu mengi kwa kujigeuza tu. Kama serikali ya kaunti, chuo kikuu na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya zingetaka kufanya jaribio la haki, basi Mkanda unapotuama tena ndipo mahali pa kuanzia: mashine moja, kebo moja, vipimo vya uchafu wa maji kwenye mizizi ya mikoko, na mabaharia wa Faza melini.

Jambo jingine lisilopendeza ni kwamba hata mashine bora kuliko zote ingekuwa ikifagia nyumba ambayo mlango wake umeachwa wazi. Tope la Sabaki halizaliwi baharini. Linatoka katika mashamba na malisho ya Ukambani na nyanda za juu, lilikoachwa tupu na miti kukatwa na miteremko kulimwa bila matuta. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe huongeza tabaka mwaka baada ya mwaka kama mti, na ndani ya tabaka hizo hubaki chembechembe za madini ya bariamu zinazoletwa na udongo wa mto. Kwa miaka ya 1700 na 1800 kiwango kilikuwa cha chini na kilichotulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupanda, wakati ambapo ukoloni ulikuwa ukibadilisha umiliki na matumizi ya ardhi bara. Mnyama mmoja wa baharini aliandika mwilini mwake historia ya kilimo cha nchi nzima. Matokeo yake yanaonekana hata kwa asiye mtaalamu: ufuo wa Malindi umesogea baharini kwa miongo kadhaa, na majengo yaliyojengwa karibu na maji yamejikuta yakitazama mchanga.

Mto Tana nao una kisa chake. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, limekuwa likipokea udongo kwa kasi inayozidi ile waliyoitarajia waliolibuni. Kila debe la udongo linalotuama Masinga ni debe la maji lisilohifadhiwa kwa ajili ya umeme. Roboti za kusafisha mabwawa zipo, na siku moja huenda zikahitajika huko. Lakini matuta ya shambani, yale yaliyochukiwa kwa sababu wakoloni waliyalazimisha kwa kiboko na baadaye yakakubaliwa na wakulima wa Machakos kwa hiari yao, huzuia tope kabla halijawa tope. Bajeti inayonunua mashine na kusahau jembe itanunua mashine nyingine baada ya miaka kumi.

Kazi ya Lamu, kwa vyovyote, haijakwisha. Mpango wa bandari hiyo ulitaja magati zaidi ya ishirini, na yaliyojengwa katika awamu ya kwanza ni matatu. Mengine yakijengwa, ghuba itachimbuliwa tena, na mifereji iliyopo itahitaji kusafishwa mara kwa mara kwa maisha yote ya bandari. Mkataba wa kazi hiyo waweza kutaja roboti au usitaje. La lazima ni masharti mengine. Utaje kiwango cha uchafu wa maji ambacho kikifikiwa kwenye mwamba, pampu huzimwa bila kungoja simu ya mkubwa. Utaje nani anayelipwa kuangalia kiwango hicho, na wavuvi wawe miongoni mwa wanaolipwa. Vipimo vya kila siku vibandikwe kwenye ubao wa soko la samaki kwa Kiswahili. Na uambatanishwe na ramani ya mafungu, miamba na malisho ya kasa kwa majina yake ya Kiamu, Kipate na Kitikuu. Kuichora ramani hiyo hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji mashua, manahodha wawili watatu, wanafunzi wenye kalamu na chombo cha kuonyesha mahali, na mwezi mmoja wa kufuata bamvua na maji mafu.